Kuvusha mche wa mkarafuu kiangazi cha Kaskazi

Mche mchanga wa mkarafuu hukauka Februari, lakini kosa huwa limeshafanyika Novemba. Mvua za vuli bado zinanyesha, majani yanang'aa, na mwenye konde haoni la kumhangaisha. Vuli ikikatika na Kaskazi, upepo wa kiangazi utokao kaskazini-mashariki, ukishika, udongo wa juu hukauka upesi, na hapo ndipo watu huanza kutafuta makuti na ndoo. Wamechelewa. Matandazo ya kufunika udongo na kivuli huwekwa udongo ungali na maji.

Mkarafuu mchanga una mizizi michache, dhaifu na isiyopenda kuguswa. Jua kali likiambatana na upepo mkavu, majani hupoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na ncha za majani huanza kubabuka. Hasara yake si ndogo, kwani kutoka mbegu hadi mche wa kupanda shambani ni kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Kwa hiyo panda masika, mvua zikishashika. Mche wa masika hupata mvua hizo, kipupwe na vuli kabla ya kukutana na Kaskazi yake ya kwanza. Wa vuli hupata wiki chache tu. Ukipewa miche Novemba, usione haya kuiacha kitaluni hadi masika. Ila inyanyue mifuko yenye miche mapema, vuli ingali inanyesha, ukate mizizi iliyotoboa chini na kuingia ardhini. Ukingoja kuinyanyua Februari, unaichana mizizi hiyo wakati mche unaitegemea kuliko wakati wowote.

Matandazo yawe na unene wa sentimita 8 hadi 10, yaenee nusu mita kila upande wa mche, na yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja. Yakigusa shina, gome huoza na mchwa hupata njia ya kupandia. Majani ya mgomba yanafaa, na gogo lake likipasuliwa na kulazwa ubavu wa ndani ukitazama chini hufaa zaidi, kwa kuwa hushika maji muda mrefu. Magugu yasiyotoa mbegu nayo ni sawa. Makuti makavu hayafai kwa matandazo, maana ni kuwaita mchwa. Makumbi ya nazi ni mazuri, lakini si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Yale yamejaa chumvi, na mvua ya kwanza itaishusha yote mizizini.

Kwenye kivuli ndiko watu wengi wanakokosea upande. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi, jua la mchana kwetu Zanzibar hupita kusini mwa utosi, yaani upande unaoupa mgongo ukielekea kibla. Kivuli cha upande wa kibla kinachofanya kazi wakati wa kipupwe hakisaidii kitu Januari. Ziba juu, kusini, na zaidi magharibi, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalobabua. Upande wa kaskazini-mashariki weka kizuizi chepesi cha kuvunja upepo. Makuti ya kumba, yaani yaliyosukwa, yawe safu moja, nusu mita juu ya mche, yakishikwa na vijiti vya mvinje. Chini yake uone madoa ya jua yanayohamahama. Usipoyaona, kivuli kimezidi, na mche utarefuka mwembamba na kuungua siku utakayokiondoa.

Kivuli cha mmea ni bora zaidi ukikipanga mwaka mmoja kabla. Panda mgomba mita 2 au 3 magharibi ya shimo. Muhogo nao hutoa kivuli kizuri mpaka siku ya kuung'oa, halafu unatoka na mizizi ya mkarafuu. Ukiutumia, ukate shina na uiache mizizi ardhini.

Maji sasa. Kitaluni, mfuko wa sentimita 15 kwa 23 unatosheka na robo lita kila asubuhi isiyo na mvua, au mpaka matone yatoke chini. Shambani, lita 10 mara mbili kwa wiki ni bora kuliko lita 2 kila siku: maji kidogo ya kila siku hulowesha juu tu na kuifundisha mizizi kubaki hukohuko juu. Mwaga nusu, ngoja izame, mwaga nusu ya pili. Mche ukilegea saa nane mchana na kuinuka jua likizama, ni joto tu. Ukiukuta umelegea alfajiri, chimbua kwa kidole kando yake. Udongo ukiwa mkavu, una kiu. Ukiwa na majimaji na harufu, mizizi inaoza, na ndoo nyingine itaumaliza. Visima vya karibu na pwani yaonje maji yake kila mwezi, kwani mengi huanza kuwa na chumvi kiangazi kikikolea.

Mtego wa mwisho ni machipukizi. Majani mapya ya mkarafuu hutoka mekundu, laini, bila ngozi ngumu ya kuzuia maji, na jua la siku mbili tatu linatosha kuyababua. Kwa hiyo usitie samadi wala kukata matawi baada ya Oktoba. Utauamsha mche utoe majani katikati ya kiangazi. Machi hatari hii hurudi. Hunyesha manyunyu mawili matatu, mche unachipua, mtu anafurahi na kung'oa makuti yote, kisha mvua inapotea wiki nzima. Ngoja udongo ulowe mpaka kina cha shibiri moja na mvua irudi siku kadhaa mfululizo. Kisha ondoa kizuizi cha mashariki kwanza, wiki baadaye punguza juu, na magharibi kuwe mwisho. Chagua siku ya mawingu.

Mche uliokwisha kubabuka usiukate haraka. Majani yaliyoungua yanawapa kivuli machipukizi yaliyo chini yake. Kwangua gome kwa ukucha kuanzia juu kushuka: ukikuta kijani, subiri masika na ukate hapo baada ya kuchipua. Ukikuta kahawia mpaka chini, ung'oe na uitazame mizizi. Ikiwa imetafunwa na kuzungukwa na vijia vya udongo, kilichoua ni mchwa, na mche mwingine katika shimo hilo utafuata njia hiyohiyo usipolisafisha shimo na kulitafuta koloni lao kwanza.