Figo zikiumizwa na dawa za kinga, prednisoloni haikatishwi njiani

Kama unamuuguza mtu anayepata pembrolizumab, nivolumab au dawa nyingine ya saratani inayoamsha kinga ya mwili, naomba uijue kreatinini yake ya kabla ya dripu ya kwanza, yaani kipimo cha damu ambacho hupanda figo zikishindwa kusafisha. Iandike kwenye daftari. Baba yangu alianza na 80 (mikromoli kwa lita). Miezi michache baadaye ilisoma 210, na yeye anakula, anatembea, mkojo unatoka kama kawaida. Kwa wengi huwa hivyo, damu hutoa habari kabla mgonjwa hajahisi lolote. Ndugu wakisema "mzee yuko vizuri, ya nini kumtoboa tena", wewe mpeleke apimwe kabla ya kila dripu.

Dawa hizi huondoa kizuizi kinachowatuliza askari wa mwili, nao wakaishambulia saratani. Wagonjwa wachache katika kila 100, askari hao huvamia na figo. Ikithibitika hivyo, dripu husimamishwa na steroidi, dawa za kuwatuliza askari hao kama prednisoloni, huanza mapema, maana figo ikiachwa ikishambuliwa hubaki na makovu. Dozi huenda na ukali wa tatizo, kwa kawaida kati ya nusu miligramu na miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Baba ana kilo 60, akaandikiwa miligramu 60 za prednisoloni: vidonge 12 vya miligramu 5, kila asubuhi baada ya kula. Mama alivimimina kiganjani, akaguna.

Lakini kabla ya kuandika chochote, daktari wa figo aliuliza: "Mzee anameza nini kwa ajili ya tumbo?" Omeprazoli. Nani kwetu hanunui omeprazoli duka la dawa bila cheti? Kumbe yenyewe peke yake inaweza kuziumiza figo kwa namna hiyohiyo, na kwa mtu aliye kwenye dawa za kinga hatari huongezeka. Ikaondolewa siku ileile, akapewa dawa ya tumbo ya aina nyingine. Diklofenaki ya maumivu ya magoti, nayo huumiza figo, ikapigwa marufuku. Kwa hiyo beba dawa zote za nyumbani kwenye mfuko, na mitishamba pia, uziweke mezani kwa daktari. Usimfiche kwa kuona haya.

Steroidi zina vituko vyake. Baba alikesha, alikasirika kwa mambo madogo, na sukari ikapanda ingawa hakuwahi kuwa na kisukari. Nunueni mashine ya kupimia sukari mapema. Ulizeni pia kuhusu maradhi yaliyojificha mwilini: kifua kikuu, homa ya ini aina ya B, na minyoo ya strongiloidi, ambayo mtu wa huku anaweza kukaa nayo miaka bila kujua, kisha steroidi zikaipa nafasi ya kusambaa na kuua. Baba alipimwa yote hayo. Aliongezewa kotrimoksazoli kumkinga na nimonia, na kwa kuwa nayo huweza kupandisha kreatinini na potasiamu, damu ilipimwa mara kwa mara.

Mtihani wenyewe ulikuja kreatinini iliposhuka hadi 110.

"Mwanangu, figo zimeshapona. Haya mavidonge ya nini tena?"

"Baba, tunashuka polepole, kama daktari alivyosema."

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Ukikatisha ghafla, askari wanaweza kuirudia figo. Tena, tezi za juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, huwa zimelala kwa sababu ya vidonge. Mgonjwa anaweza kuishiwa nguvu, presha ikaanguka, akazimia. Kushuka huchukua wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, na kila dozi ikipunguzwa damu hupimwa. Tulibandika karatasi jikoni yenye tarehe na idadi ya vidonge vya kila siku, na Mama ndiye aliyeshika kalamu ya kuweka alama. Akitapika dozi au vidonge vikikaribia kwisha, pigeni simu hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kurudi kwenye dripu, wapo wanaorudishiwa baada ya figo kutulia, na wapo wanaobadilishiwa tiba. Sisitizeni daktari wa saratani na wa figo wazungumze wao kwa wao kabla ya uamuzi, nanyi mwende na daftari lenye kreatinini zote.