Kwa mjumbe mpya wa kamati ya mapokezi ya vifaa vya ujenzi wa shule: kabla hujasaini

Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilikuja Tanzania kwa kasi: mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), trilioni 1.3 za shilingi, na ndani yake madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja, yawe tayari wanafunzi wakiripoti Januari 2022. Ujenzi ulikwenda kwa fosi akaunti, yaani mafundi wa mtaani, vifaa vinanunuliwa na shule, kamati tatu zinasimamia: manunuzi, mapokezi na ujenzi. Utaratibu huo bado upo. Ukiteuliwa kwenye mapokezi, ujue fedha nyingi hupotea baina ya lori na stoo. Benki ina kumbukumbu zake. Pale getini kuna saini yako tu.

Usisaini hati ya mzigo kabla haujashushwa na kuhesabiwa, hata dereva akilalamika giza linaingia. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.6 hivi. Weka chache kwenye mizani. Zikisoma kilo 7 na ushee, umeletewa za mm 10. Kwenye bati wengi hudanganyika na namba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Mchanga usiupokee kwa "tripu". Pima bodi la lori, urefu mara upana mara kina cha mchanga wenyewe, uandike mita za ujazo.

Kisha daftari la stoo. Kila mfuko unaotoka uandikiwe kazi uliyokwenda, maana hapo ndipo hesabu inapojikagua. Tuseme wamemwaga lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) ya mita 30, upana sm 15, kimo sm 20. Hiyo ni mita za ujazo 0.9, na kwa zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) inakula mifuko sita ya kilo 50. Daftari likisema kumi na minne, muulize fundi siku hiyo hiyo, lenta ikiwa bado mbichi na kila mtu anakumbuka.

Michango ya wananchi ndiyo mtego ambao wageni hawauoni. Kijiji kimesomba mawe na mchanga bure, halafu wiki mbili baadaye inaletwa ankara ya mawe na mchanga ule ule. Andikeni nguvu za wananchi kwenye daftari lake: tarehe, kiasi, kitongoji kilicholeta.

Fundi alipwe kwa hatua (msingi, lenta, kupaua, umaliziaji) baada ya mhandisi wa halmashauri kukagua na kusaini. Aliyemaliziwa hela kwenye kupaua harudi kupiga plasta, na kumsaka ni gharama nyingine. Na mtu mmoja asikae kamati mbili, hata kama ndiye pekee mwenye mwandiko mzuri.

Wakaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huja mwaka unaofuata, fundi keshahama na mwalimu mkuu pengine kahamishwa. Watakachokuta ni faili: muhtasari wa kikao, nukuu za bei, hati ya mzigo, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi). Wataanza na tarehe. Muhtasari wa kuidhinisha manunuzi ukiwa na tarehe ya baada ya risiti, hoja ya ukaguzi imeshazaliwa, hata kama darasa limesimama imara na saruji yote ipo ukutani.