Tumbili mia mbili kwenye kopo la maziwa

Nyumbani kwangu kuna kopo la maziwa ya unga ambalo halina maziwa. Ukilinyanyua bila kujiandaa, mkono unashtuka. Ndani yake kuna sarafu za Kichina za yuan 10, za mwaka wa Tumbili, 2016. Zote mpya, zote sawa, na siku zilipoingia humo zilikuwa 200. Nilizinunua Guangzhou wiki chache kabla ya mwaka mpya wa Kichina, yuan 13 kila moja, kwa jamaa aliyeniambia nivumilie miaka miwili tu, halafu nitamtafuta kumshukuru. Miwili imepita zamani na sijamtafuta.

Siku zile nilikuwa nakwenda China mara mbili au tatu kwa mwaka kufuata mzigo wa vifaa vya simu wa Kariakoo. Nikishaweka oda na kusubiri mzigo ufungwe, muda nilikuwa naumalizia kwenye soko la stempu na sarafu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeona wanavyogombania sarafu ya Mbuzi ya 2015. Benki iliitoa kwa yuan 10, thamani ile ile iliyoandikwa juu yake, na haukupita muda mrefu wauzaji wakawa hawaiachi kwa bei hiyo hata ukiwabembeleza. Basi Tumbili alipokuja nikasema safari hii sikosi.

Idadi haikuwa siri. Mbuzi zilitengenezwa milioni 80, Tumbili milioni 500. Nilizisoma zote mbili, na hapo ndipo nilipojiona mjanja: Wachina ni zaidi ya bilioni 1.3, kwa hiyo sarafu milioni 500 haziwafikii hata nusu yao. Zitaadimika tu!

Kama wewe ni mgeni kwenye mkusanyo huu, usipite hesabu hiyo haraka, kwa sababu karibu kila muuzaji atakupigia. Anachukua idadi ya sarafu, anaigawa kwa idadi ya Wachina, anakuonesha jibu dogo. Kosa ni kwamba Wachina wengi hawakusanyi sarafu, kama vile Watanzania wengi hawakusanyi stempu. Mgawanyo unaotakiwa ni kwa watu wanaoitafuta sarafu hiyo hasa, na nikaja kujifunza kwamba hao mara nyingi wanatafuta seti, si sarafu moja.

Kalenda ya Kichina ina wanyama 12: Panya, Ng'ombe, Chui milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Tumbili, Jogoo, Mbwa na Nguruwe. Sarafu hizi za yuan 10, zenye rangi mbili za metali, zilianza na Mbuzi wa 2015 na mzunguko unafungwa na Farasi wa 2026. Mtu akitaka seti kamili anahitaji kila mnyama mmoja. Sasa Mbuzi wako milioni 80. Maana yake, hata kama hakuna Mbuzi hata mmoja aliyepotea duniani, seti kamili haziwezi kuzidi milioni 80. Tumbili milioni 420 hawana seti ya kuingia, hawana na hawatakuwa nayo. Jogoo wa 2017 naye alitengenezwa milioni 500, Mbwa wa 2018 milioni 350. Hao wote wanamsubiri Mbuzi mlangoni.

Hesabu hii ya darasa la nne ningeifanya kwenye kikokotoo cha simu mwaka 2016, ningenunua Mbuzi 30 badala ya Tumbili 200.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na ile ngumu. Mkusanyaji mpya kwa kawaida huanza na rahisi, anajaza visanduku kumi vya albamu kwa furaha, halafu anabaki na viwili vitupu vinavyomtazama miaka mitano huku bei yake ikikimbia. Kwenye mzunguko wa kwanza, uliotangulia huu wa yuan 10, wa sarafu za yuan 1 za rangi ya shaba ya njano, iliyo ngumu ni ya kwanza kabisa: Mbuzi wa 2003, milioni 10 tu. Wachina wenyewe sarafu ya kwanza ya mfululizo huiita kichwa cha joka. Mimi hucheka kila nikikumbuka kwamba kichwa cha joka katika mizunguko yote miwili ni mbuzi, tena mbuzi ambaye baadhi ya wazazi wa Kichina hawapendi mtoto azaliwe kwenye mwaka wake. Imani haikuizuia bei, kwa sababu mwenye seti hana uhuru wa kuchagua mnyama.

Joka lenyewe lina mambo yake. Joka la 2024 lilitengenezwa milioni 120, yaani zaidi ya Mbuzi wa 2015. Ukifuata idadi peke yake ungesema bei ya Joka iwe chini. Lakini Joka linanunuliwa hata na watu ambao hawajui albamu ni nini: mwenye mtoto aliyezaliwa mwaka huo, mwenye harusi, bosi anayetaka zawadi ya wafanyakazi. Sungura hana jeshi hilo nyuma yake.

Kuna kitu kimoja kizuri kuhusu sarafu hizi za benki, nacho ni kwamba kwa Mchina hasara ina sakafu. Yuan 10 ni yuan 10, akichoka anaenda nayo sokoni. Nilijaribu mwenyewe. Mama muuza tambi karibu na hoteli yangu aliigeuza mara tatu, akamwita mumewe, mume akamwita mtoto, mtoto akasema ni halali. Tambi nikala. Sasa vuka mpaka uone. Duka la kubadilisha fedha Dar es Salaam linachukua noti, sarafu haligusi. Sakafu yangu niliiacha uwanja wa ndege wa Guangzhou. Ukiwa mkusanyaji wa huku kwetu, usidanganywe na maneno kwamba huwezi kupoteza zaidi ya ile nyongeza uliyolipa juu ya thamani. Wewe unaweza kupoteza yote.

Baada ya Tumbili nilihamia kwenye sarafu za madini, dhahabu na fedha, nikidhani kule namba zina adabu. Zina adabu kidogo. China ilianza kutoa sarafu za madini za wanyama hawa mwaka 1981 kwa Jogoo: ya dhahabu yenye gramu 8, kiasi cha 5,000, na ya fedha, kiasi cha 10,000. (Ile ya dhahabu iliandikwa yuan 250. Kwa Kichina cha mtaani, kumwita mtu mia mbili na hamsini ni kumwita mpumbavu. Mwaka uliofuata, dhahabu ya Mbwa ikaandikwa 200.) Kuanzia 2000 zikaja zenye umbo la feni ya mkono, nzuri kweli kweli: za fedha 66,000 kwa mwaka, za dhahabu 6,600.

Hebu zitazame namba hizo tena: 66,000 na 6,600. Sita kwa Wachina ni namba ya mambo kwenda laini, nane ni ya utajiri, nne wanaikimbia kwa sababu inasikika kama neno la kifo. Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ilipoanza sarafu zake za wanyama hawa na Farasi wa 2014, ile ya fedha ya kiwango cha juu iliwekewa kikomo cha 8,888. Usifikiri kuna mtu alikaa akahesabu wakusanyaji akapata elfu nane mia nane themanini na nane. Namba imeingia kwenye tangazo pamoja na kasha la mbao na cheti. Tangu nilijue hilo, namba ikiwa nzuri sana ninapunguza mwendo.

Na hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko ule wa Tumbili. Kuna sarafu za wanyama wa Kichina zinazotolewa kwa majina ya visiwa vya Pasifiki kama Niue na Tuvalu, nyingine zina rangi, nyingine vito, na idadi yake ni ndogo ajabu, mia kadhaa au elfu moja na kitu. Muuzaji mmoja mtandaoni alinishawishi ninunue mbili za aina hiyo. Adimu zilikuwa adimu kweli, hakunidanganya. Nilipotaka kuziuza, nilikaa nazo miezi minane bila hata mtu wa kuuliza bei. Mwishowe niliziuza kwa uzito wa madini yake. Sarafu 500 zenye wanunuzi 40 ni nyingi kuliko sarafu 66,000 zenye wanunuzi laki moja.

Kwa hiyo kabla ya kulipia namba ndogo, mimi siku hizi natafuta kwanza mauzo yaliyokwisha, si bei zinazoombwa. Kuomba hakuna kodi. Nikiona ndani ya miezi mitatu sarafu hiyo imeuzwa mara kumi kwa watu tofauti, hapo kuna soko. Nikiona matangazo ishirini na mauzo sifuri, naifunga simu nakwenda kunywa chai.

Uliza pia namba unayoambiwa ni ipi. Kikomo kilichotangazwa ni kitu kimoja, zilizotengenezwa ni kitu kingine, zilizobaki hadi leo ni cha tatu. Kwa sarafu za Kichina za miaka ya themanini na tisini, nyingine hazikufikia kikomo chake, na nyingine zilizokosa mnunuzi ziliyeyushwa. Kwa hiyo mbili zenye kikomo sawa zinaweza kuwa na ugumu tofauti kabisa. Kampuni za kupima daraja, yaani ubora wa sarafu, na kuifungia kwenye kasha, kama NGC na PCGS, huchapisha hesabu za walizozipima, nazo husaidia, ila mtu anaweza kuitoa sarafu kwenye kasha lake na kuirudisha akitafuta daraja la juu, ikahesabiwa mara mbili.

Perth Mint, kiwanda cha sarafu cha Australia, wana mtindo mwingine unaowachanganya watu. Kwenye mfululizo wao wa pili, 2008 hadi 2019, sarafu ya fedha ya aunsi moja ilikuwa na kikomo cha 300,000 kwa kila mnyama, lakini saizi nyingine nyingi hazikuwa na kikomo. Muuzaji anakutajia 300,000 huku mkononi ameshika ya nusu aunsi. Msikilize vizuri.

Kuhusu bandia nitasema kifupi tu: zipo, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo anayeghushi anavyojituma. Aunsi moja ya fedha ni gramu 31.1 na kitu. Mimi humpelekea sonara wangu Kariakoo aniwekee kwenye mizani yake ndogo, tunapima na upana na unene, tunapitisha sumaku. Ikishikwa na sumaku, tunamalizia mazungumzo. Isiposhikwa, bado si ushahidi kamili, kwa hiyo za bei kubwa sinunui bila kasha la kampuni ya kupima, namba yake nikiwa nimeihakiki mwenyewe.

Seti yangu ya yuan 10 ina Mbuzi sasa. Nilimlipia zaidi ya nilivyopaswa, mwaka 2019, na nikashukuru kumpata. Tumbili nimewauza kidogo kidogo, nimewagawa kama zawadi, wamebaki mia na kitu. Ishirini na nne kati yao wako barazani kwa baba mkwe wangu, kwenye ubao wa drafti, wamechukua nafasi ya vizibo vya soda. Yeye huchezea upande wa mnyama, mimi upande ulioandikwa 10. Kingi ikipatikana tunabandika sarafu ya pili juu, na kwa hilo angalau hatutaishiwa.