Anasoma bila kukwama, lakini haelewi alichosoma

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanye nini na wanafunzi wa darasa la nne wanaosoma kwa sauti bila kukwama, lakini wakipewa maswali ya ufahamu wananakili sentensi yoyote inayofanana na swali. Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi wilayani Newala, na naamini kwa dhati kwamba wengi wetu tunapima ufahamu ambao hatujaufundisha.

Anza na yale ambayo mtoto anayajua kuhusu mada. Mwaka 1988, watafiti Recht na Leslie walionesha nchini Marekani kwamba wanafunzi dhaifu wa kusoma, lakini wanaoujua mchezo wa besiboli, waliielewa habari ya mchezo huo kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nami nililiona hilo katika kifungu kilichohusu msafiri aliyeachwa na treni. Watoto wetu hawajawahi kuiona treni (reli ya kusini, iliyotoka Mtwara hadi Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962), hivyo hawakuelewa kwa nini msafiri yule hakuisimamisha njiani kwa kupunga mkono, kama wafanyavyo mama zao wanapopanda gari kwenda mnadani. Nilichora stesheni ubaoni, tukazungumza kuhusu ratiba na tiketi, kisha tukasoma upya, na safari hii walijibu kwa maneno yao wenyewe.

Wakati wa kusoma, natumia utaratibu ambao watafiti Palincsar na Brown waliuandika mwaka 1984: wanafunzi wanasoma aya moja, na mmoja wao anaongoza wenzake kuuliza maswali, kufupisha, kufafanua palipo pagumu na kutabiri kitakachofuata. Kabla ya kuwaachia, fikiri kwa sauti mbele yao: “Hapa pameandikwa ‘alimfuata’. Nani alimfuata nani? Ngoja nirudi sentensi ya juu.” Mtoto anahitaji kusikia kwamba hata mwalimu hurudi nyuma. Wingi wa wanafunzi si kikwazo, kwa kuwa wanaokaa dawati moja na kuchangia kitabu kimoja ni kikundi tayari. Anayeshindwa kufupisha kwa Kiswahili namruhusu aanze kwa Kimakonde, kisha wenzake wanamsaidia kuvuka.

Nakushauri usianze na hatua zote nne kwa pamoja. Anza na kuuliza maswali, maana watoto hufurahia sana kumwuliza mwenzao, na uwe na subira na kufupisha, ambako huchelewa kuliko hatua nyingine zote.