Riwaya za wanawake waliobeba machungu

Dadangu, umeomba riwaya ya mwanamke anayebeba machungu kimya kimya. Anza na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Maimuna anafungiwa ndani na babake Maksuudi, mkubwa anayeheshimiwa nje, nyumbani ni moto. Akitoroka, dunia inampokea kwa danguro na ulevi. Niliisoma kwenye feri ya Likoni, wenzangu wakashuka wote nikabaki nimesimama na kitabu mkononi, koo limenikaba.

Kisha, ikiwa Kiingereza hakikusumbui, tafuta The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor (2019). Kuna Munira wa kisiwa cha Pate, anayetengwa na jirani zake, na bintiye Ayaana anayejichagulia baba. Munira huyo, wallahi, ninamjua mtaani kwetu.