Duka likiungua, tunaanzia wapi?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna duka la vitenge Kariakoo, na stoo yetu iko nyuma ya fremu hiyo hiyo. Tangu Soko Kuu liungue usiku wa Julai 10, 2021, tumenunua mtungi wa kuzimia moto na kukata bima ya shilingi milioni 20. Mzigo wetu sasa umefika milioni 40. Je, tumejiandaa vya kutosha kurudi kazini upesi iwapo tutapatwa na janga?
Mama wa vitenge, Dar es Salaam

JIBU: Mama, bima hiyo ni hatua njema, ila naomba muirekebishe kabla ya jambo jingine lolote. Mikataba mingi ya bima ya moto ina sharti la uwiano: mali ya milioni 40 ikikatiwa bima ya milioni 20, huhesabiwa kwamba nusu ya hatari mmeibeba wenyewe, kwa hiyo marobota ya milioni 10 yakiteketea mtalipwa milioni 5 tu, ijapokuwa hasara yenyewe haikufikia kiwango mlichokatia. Wengi hulifahamu sharti hili siku ya kudai fidia, na inasikitisha sana. Pandisheni kiwango kila mzigo unapoongezeka, hasa kuelekea Idi, na mumuulize wakala kama mafuriko nayo yamo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni hiyo stoo. Moto ukiingia dukani hautabisha hodi nyuma. Hamishieni japo robo ya mzigo mtaa mwingine, hata kama kodi itaongezeka kidogo.

Kisha kuna daftari. Biashara ya Kariakoo huendeshwa kwa mali kauli: mteja wa Songea anachukua marobota mawili leo, atalipa wiki ijayo, na ushahidi wote ni mstari mmoja wa kalamu katika daftari lililowekwa chini ya kaunta. Mzigo ulioungua mnaweza kukopeshwa tena na msambazaji anayewaamini, lakini deni ambalo kumbukumbu yake imeungua mtalidai kwa nani, na kwa kiasi gani? Kila jioni, kabla ya kushusha mlango, pigeni picha kurasa za siku hiyo na kuzituma kwa ndugu asiyeshinda dukani. Fanyeni vivyo hivyo kwa ankara za mzigo, risiti za EFD, mkataba wa pango, leseni na hati ya bima, kwa kuwa mthamini wa hasara atazihitaji, na sheria ya kodi nayo inawataka mtunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5.

Mtungi ukaguliwe kwa wakati, na vijana wa dukani wajue kuutumia na kupiga 114 kuwaita Zimamoto.

Halafu, Jumapili moja, kaeni nyumbani wewe na mzee, bila daftari na bila simu ya dukani, mjaribu kuandika nani mnamdai, nani anawadai, mzigo upi uko njiani, na duka likiungua, kesho yake mtauzia wapi. Pale mtakapokwama pawekeni alama, na Jumatatu asubuhi muanzie hapo.