Daftari la Madeni Limefungiwa Ndani ya Programu

SWALI: Dada, habari za kazi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Kwa miaka 5 mauzo na madeni nimeyaweka kwenye programu ya kulipia kila mwaka. Safari hii nimechelewa kulipa, na sasa hata madeni ya zamani siyaoni. Kijana wangu anasema nihamie kwenye faili za wazi. Zikiwa wazi, si kila mtu atawaona wadaiwa wangu?

JIBU: Pole sana, kaka yangu. Yalinikuta nilipokuwa natunza vitabu vya chama chetu cha akiba na mikopo. Programu iligoma kwenye kompyuta mpya, tukakaa siku kadhaa tukinakili upya hisa za wanachama kutoka kwenye stakabadhi. Inauma, maana jasho la kuandika ni lako na ufunguo anao mwingine.

Kilicho wazi ni namna faili linavyoandikwa. Madeni yanabaki siri yako, na nywila unaweza kuweka. Faili la majedwali lenye mwisho wa .ods hufuata utaratibu wa OpenDocument, uliopitishwa na OASIS, shirika la kuweka viwango vya kompyuta, mwaka 2005 na kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300, mwaka 2006. Maelezo yake yamechapishwa, hivyo mtengenezaji yeyote wa programu anaweza kuyafuata. Programu ya LibreOffice, ambayo hailipiwi, inalifungua, Excel pia.

Jaribu hivi: nakili faili la .ods lisilo na nywila, badilisha mwisho wake uwe .zip, kisha lifungue. Ndani utakuta content.xml. Ifungue kwa Notepad, programu ndogo ya maandishi ya Windows, utafute neno "saruji": utaliona limekaa katikati ya alama, na kama uliandika mifuko 40, hiyo 40 haiko mbali.

Sasa zungumza na wenye programu wakufungulie japo mwezi mmoja, utoe kila jedwali kwa CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa alama ya mkato. Unapoliingiza LibreOffice, safu ya namba za simu itambulishe kuwa maandishi, la sivyo 0 ya mwanzo itapotea na mteja hutampata. Fomula CSV haizibebi, utaziandika upya. Hifadhi kama .ods, kisha linganisha madeni na yale ya kwenye programu, mteja kwa mteja.

Ukienda kununua programu nyingine, mwambie muuzaji aingize mauzo ya misumari kilo 2 mbele yako, ayatoe kwenye faili, nawe ulifungue kwenye kompyuta yako mwenyewe. Akisita, usitoe hela.